Jozi ya Kumi na Tisa

"Baba akikuuliza kama tunajuana, mwambie tunajuana kwa kazi," alisema Pindo, akakata uzi kwa meno. "Mimi akiniuliza, nitasema hivyo hivyo. Na akizidi kuuliza, nitakukana."

"Utanikana?"

"Mchana kweupe."

Mwalimu wa kuogelea alikuwa amekaa kwenye kiti cha watoto wa darasa la kwanza, magoti yamemfika kidevuni, anasubiri kofia yake iliyofumuka ishonwe. Siku za shule hiki kilikuwa chumba cha darasa tu, lakini kwa majuma haya matatu ya likizo kilikuwa chumba cha ushonaji cha kambi, na cherehani nne zilikuwa zimepangwa chini ya dirisha linalotazama bwawa. Watoto walikuwa wamekwenda kula. Kesho yake kambi ilikuwa inafungwa. Wazazi wangekuja waone watoto wao wamejifunza nini, kisha warudi nao nyumbani. Na saa tisa alasiri basi lingempitia mwalimu barabarani, limpeleke kwao, mwendo wa siku nzima.

"Nimekuomba kitu kimoja tu," alisema. "Nikae na baba yako dakika tano. Nimwambie mimi ni nani na ninataka nini. Akinifukuza, basi nimefukuzwa."

"Atakufukuza."

"Na anifukuze! Lakini nisiondoke kama mwizi, Pindo."

Pindo aliinama juu ya ile kofia ili macho yake yasionekane. Mtu asiyejua angesema msichana huyu hana moyo. Wee! Moyo alikuwa nao, tena ulikuwa unamdunda mpaka sindano ikawa inakosa tundu lake. Kilichomfunga mdomo ni habari ya dada yake.

Dada yake mkubwa aliolewa na mpima barabara, kijana mwenye adabu zake, aliyekuja na kazi ya miezi minane. Kazi ilipokwisha, kijana akaaga kwamba anatangulia kutafuta nyumba, na kwamba ataleta habari. Mtoto wao sasa ana miaka tisa, na hiyo habari bado iko njiani. Siku baba yao alipokata tamaa alilia mbele ya mabinti zake wawili, akajifuta uso kwa mkono uliojaa unga, akasema, "Mtu wa kuja na kuondoka hatapita tena mlangoni kwangu." Wakati huo Pindo alikuwa na miaka kumi na saba. Anakumbuka ule unga ulivyomganda baba yake shavuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia aupanguse.

Huyo ndiye Mzee Mashine. Jina alipewa kwa sababu ya mashine yake ya kusaga, ambayo ameiendesha miaka thelathini, na kwa sababu ya sauti. Miaka yote hiyo alikuwa akizungumza na wateja juu ya ngurumo za injini, mpaka koo lake likasahau kunong'ona. Akikwambia siri, mtaa mzima umeambiwa. Pindo naye jina lake alilipata kwake, maana alipokuwa mdogo hakubanduka kwenye pindo la shati la baba yake, hata mashine ikinguruma vipi. Mama yao alifariki mapema, na huyu mzee ndiye aliyewasuka nywele, akaenda vikao vya shule, akajifunza hata kuchagua vitambaa. Mtu kama huyo humvunji moyo mara ya pili ukalala usingizi.

"Vaa tuone," alisema Pindo, akamtupia kofia.

Mwalimu aliivaa. Ilikuwa ya kitambaa cha kunyumbuka, njano yenye maua meupe, na ilimkaa kichwani kama yai lililopambwa. Pindo alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Cheka," alisema mwalimu kwa huzuni. "Cheka tu, fundi. Yako ni hii hii."

Na kweli yake ilikuwa hiyo hiyo.

Hapo lazima nieleze mambo ya jozi, maana ndiyo yaliyoleta yote haya. Kambi ilikuwa na sheria moja kuu kwenye maji. Kila mtoto alikuwa na mwenzake, hao wawili wakaitwa jozi, na kila jozi ilikuwa na namba. Kila baada ya dakika kumi filimbi ililia. Ikilia, acha unachofanya, mtafute mwenzako, mshike mkono, uinueni juu, halafu mwite namba yenu kwa zamu, kuanzia moja mpaka mwisho. Namba isipoitikiwa, watu wote wanatoka majini. Na ili jozi zitambulikane kwa mbali, Pindo aliyekuwa fundi wa kambi aliagizwa ashone kofia, mbilimbili za kitambaa kimoja. Watoto walikuwa thelathini na sita. Yeye akashona jozi kumi na tisa.

"Fundi, umezidisha," mwalimu alimwambia siku ile ya kwanza, akihesabu mezani.

"Kitambaa kilibaki," alijibu Pindo. Na ni kweli kilibaki, sina haja ya kumsingizia.

Mkuu wa kambi, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mama Mkuu, alizitazama zile kofia mbili za maua, akamtazama fundi, akamtazama mwalimu, akasema bila kutabasamu, "Hazijazidi. Mwalimu naye ni mtu, naye huzama kama watu wengine. Fundi atakuwa jozi yake. Filimbi ikilia naye ashikwe mkono, watoto waone sheria haina mkubwa."

Basi. Majuma matatu, asubuhi na alasiri, kila dakika kumi, Pindo aliacha sindano akatelemka ukingoni, akaushika ule mkono wenye maji, akauinua, akaita, "Kumi na tisa!" Mwanzoni aliita kwa aibu. Juma la pili aliita kwa sauti. Juma la tatu alijikuta anaanza kutelemka kabla filimbi haijalia, na siku moja jikoni, birika lilipopiga mluzi, mkono wake ulipanda wenyewe mbele ya wapishi. Walimcheka mpaka wakaunguza maziwa.

"Usiseme na baba," alisema Pindo kwa mara ya mwisho. "Nakuomba. Mimi nimeshukuru kwa haya majuma matatu. Nitashukuru maisha yangu yote. Yatanitosha."

"Hayatakutosha," alisema mwalimu. Alivua kofia, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. "Lakini umeniomba. Sitasema."

* * *

Siku ya pili wazazi walikuja na nguo zao nzuri, wakaketi kwenye viti vya darasani vilivyopangwa ukingoni mwa bwawa. Mzee Mashine aliketi mstari wa mbele, suruali imepigwa pasi, unga kidogo umebaki nyuma ya sikio. Pembeni yake aliketi dada yake Pindo, mikono imekunjwa mapajani, macho hayabanduki kwenye maji.

Alikuwa na sababu. Binti yake, Chiriku, alikuwa jozi ya tano. Chiriku huyu alikuwa na mdomo usiochoka na hofu isiyosikia dawa. Tangu alipoteleza mtaroni akiwa mdogo, hakuoga ila kwa kikombe, na mvua ikinyesha alipita njia ya mbali kukwepa madimbwi. Babu yake alikataa katakata asije kambini. Pindo alimbembeleza siku nne, akaapa atamtazama kwa macho yake yote mawili.

"Jozi ya tano!" aliita mwalimu, akiwa amesimama majini mpaka kifuani.

Chiriku aliingia. Alishika kamba, akaiachia. Kisha akalala chali juu ya maji, mikono wazi, akaelea. Akageuka, akapiga mikono, akaogelea kutoka dumu la kwanza la kuelea hadi la mwisho, mwenzake kando yake, na alipofika akapayuka, "Babu! Umeniona? Mama, ameniona? Nilimeza kidogo tu!"

Mzee Mashine alikuwa amesimama bila kujijua. Dada mtu alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili.

"Nimekuona, mjukuu wangu," alisema mzee, na alidhani anasema polepole. Ndege waliruka kutoka mtini. Akamgeukia Mama Mkuu, machozi yanamlenga. "Mama, sijui niwashukuru kwa maneno gani. Huyu mtoto alikuwa hanawi uso bila kugombana na mtu. Na yule mwalimu nitamshika mkono mwenyewe. Lakini hebu niambie, watoto wote hawa majini, mnajuaje kwamba hakuna aliyepotea?"

"Kwa filimbi," alisema Mama Mkuu. Mwalimu alikuwa ametoka majini, amempa mama huyo filimbi yake, na sasa alikuwa upande wa pili wa ukingo anafungua kamba. "Tena leo mgeni wetu ni wewe. Puliza uone mwenyewe."

Mzee aliipokea ile filimbi ya chuma, akaipangusa kwenye shati, akavuta pumzi.

Pindo alikuwa nyuma ya viti, amebeba sinia la glasi za maji ya matunda. Asubuhi yote alikuwa hodari. Alikuwa hajamtazama mwalimu hata mara moja, isipokuwa labda mara nne. Alikuwa amejipanga: atagawa vinywaji, atasimama karibu na baba, saa tisa itafika, basi litapita, na yeye atarudi kwenye cherehani yake alie vizuri bila mtu.

Filimbi ililia.

Lo! Ile haikuwa filimbi ya mwalimu, ile ilikuwa filimbi ya Mzee Mashine, pumzi ya miaka thelathini ndani yake. Na Pindo hakufikiri. Nasema hakufikiri hata kidogo. Sinia lilikwenda mapajani mwa mzazi mmoja aliyeshangaa, viatu vikabaki kwenye majani, na yeye akakimbia, ameliinua gauni lake jipya kwa mkono, akapita mbele ya viti vyote, hatua arobaini za ukingo, na kutoka upande ule mwingine mwalimu naye alikuwa ameacha kamba anakuja mbio, na walipokutana mikono ilishikana ikapanda juu yenyewe, kama ilivyopanda majuma matatu.

Hapo ndipo akili ikamfika. Akageuza kichwa, akamwona baba yake, filimbi bado iko mdomoni.

"Moja!" waliita watoto. "Mbili! Tatu!"

"Niachie," alinong'ona Pindo.

"Wewe ndiye uliyenishika," alinong'ona mwalimu.

"Tano!" aliita Chiriku kwa nguvu zake zote.

Namba zilikuwa zinakuja. Pindo alihisi maji yakichuruzika kutoka kwenye mkono wa mwalimu mpaka kwenye kiwiko chake. Angeweza kuachia. Angesema amekwenda kuchukua taulo. Alikuwa ameahidi kumkana mchana kweupe, na mchana ulikuwa huo, mweupe kuliko siku zote.

"Kumi na saba! Kumi na nane!"

Kisha kimya. Watoto thelathini na sita majini, mikono juu, wote wamewageukia wao wawili. Wazazi nao wakageuka. Namba isipoitikiwa, mtu amepotea. Pindo alimtazama mwalimu usoni kwa mara ya kwanza siku ile, akaona kwamba alikuwa anashika ahadi yake, hasemi kitu, midomo imebanwa mpaka imekuwa myeupe. Hakuwa tayari kuita bila yeye.

"Kumi na tisa!" aliita Pindo.

Sauti ilitoka kubwa kupita alivyokusudia. Kumbe na yeye ni mtoto wa Mzee Mashine.

* * *

Mzee alimwita mwalimu kando, nyuma ya madarasa, ili wazungumze faraghani. Ukingo mzima ulinyamaza ili usikilize, na kwa sauti ya mzee hakuna aliyehitaji kutega sikio.

"KIJANA, KWA MJUKUU WANGU NAKUSHUKURU. MUNGU AKUZIDISHIE."

Mwalimu alijibu kitu kwa upole.

"LAKINI SHUKRANI NI KITU KIMOJA, NA BINTI YANGU NI KITU KINGINE. ULE MKONO NI WA NINI?"

Pindo hakungoja. Alikwenda bila viatu, dada yake nyuma yake. Aliwakuta wamesimama karibu na mapipa ya maji, mzee amefumbata filimbi kiganjani, mwalimu ameinamisha kichwa, kofia ya maua iko mkononi.

"Baba, usimuulize yeye," alisema. "Alitaka kukuambia jana, mimi nikamkataza. Mwenye kosa ni mimi. Nampenda, baba. Niliogopa kukuumiza, nikaona afadhali niumie mwenyewe."

"Anaondoka leo," alisema mzee, na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu Pindo apate akili, sauti ya baba yake ilikuwa ndogo. "Yule mwingine naye alikuwa na adabu. Alinisaidia hata kubeba magunia. Mimi nikamsifu mbele za watu. Mimi, Pindo! Nilimpa dada yako kwa mikono yangu hii."

"Baba," alisema dada mtu.

Wote walimgeukia. Dada huyu tangu zamani alikuwa mtu wa maneno machache, na kwenye habari ya ndoa hakuwa na maneno kabisa.

"Hukunipa wewe, nilikwenda mwenyewe. Usiubebe tena mzigo huo, umeubeba vya kutosha. Lakini nikwambie kitu. Yule wangu, miezi minane tuliyokaa, hakuwahi kugeuka nyuma kuangalia kama nimefika. Tukienda sokoni yeye mbele, mimi nyuma, nikipotea shauri yangu. Huyu, Chiriku ameniambia, kila dakika kumi anamtafuta mwenzake. Nimewatazama leo, baba. Wamekimbia wote wawili. Hakuna aliyesimama akangoja."

Mzee alifungua kiganja, akaitazama filimbi. Kwa mbali sauti ya Chiriku ilikuwa inamweleza mtu jinsi ya kutomeza maji.

"Kijana," alisema. "Ikiwa mmoja wa jozi hayupo, amekwenda mahali, huyu mwingine inakuwaje?"

"Haingii majini, mzee. Anamngoja ukingoni mpaka arudi."

"Hata jua likimchoma?"

"Hata likimchoma. Na yule aliyekwenda anajua kwamba anangojwa. Kwa hiyo hakawii."

"Na wewe una wazee?"

"Nina mama, na nina mjomba. Habari zake nimeshawaambia kwa simu. Mama ananiuliza kila siku kama fundi amekula."

Pindo alishtuka. "Hukuniambia!"

"Ungenikataza na hilo."

Dada mtu alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka ghafla, na Mzee Mashine akamgeukia kwa mshangao, maana alikuwa hajakisikia miaka mingi. Nadhani hicho ndicho kilichommaliza. Aliivaa filimbi shingoni mwake, akaingiza kamba ndani ya shati, akafunga kifungo.

"Hii inabaki kwangu," alisema. "Njoo uichukue na mama yako na mjomba wako. Kabla ya shule kufunguliwa."

"Mzee, hiyo ndiyo ninayofanyia kazi."

"Najua," alisema mzee. "Ndiyo maana hutakawia."

Mwalimu aliushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akainama. Pindo yeye alifanya jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mtoto. Alishika pindo la shati la baba yake, akaegemeza paji la uso begani kwake, akalia kwa shukrani mpaka shati likalowa.

"Haya, haya," alisema mzee, akimpigapiga mgongoni. "Nililipiga pasi mwenyewe hili."

* * *

Saa tisa na robo basi lilipita. Mwalimu alipanda na begi lake na kofia ya maua kichwani, abiria wakamtazama, naye hakujali. Pindo alisimama kando ya barabara kati ya baba na dada, kofia yake ya maua nayo kichwani, na Chiriku mbele yao anapunga mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anashukuru kimyakimya, kwa kitambaa kilichobaki, kwa hesabu ya kofia, kwa wote.

Basi liliondoka. Lilikuwa limefika karibu na kona wakati filimbi ilipolia sikioni mwake kama treni.

Mkono wake ulipanda. Na kule mbele, dirishani mwa basi, mkono mwingine ulitoka ukapanda juu.

"Naijaribu tu," alisema Mzee Mashine, akitazama pembeni. "Isije ikaharibika ikiwa kwangu. Mbona huiti namba?"

Pindo alijaribu. Kicheko kikatangulia, namba ikabaki ndani.

"Babu, haihesabiki hiyo!" alisema Chiriku kwa hasira. "Hawajashikana! Sheria inasema washikane!"

"Nyamaza, wewe. Leo filimbi ninayo mimi."

Mzee akavuta pumzi mpaka kifungo cha shati kikafunguka, akaita yeye, kwa ile sauti iliyoshinda injini miaka thelathini, "KUMI NA TISA!"

Dereva akapiga honi, na basi likakata kona, mkono bado uko juu.